Sindano ya Mwaka Ule

Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba, na wa pili jina la mama mzazi wa mama. Hakuna anayeulizwa anataka lipi. Mimi nilitangulia, kwa hivyo nikabeba jina la nyanya aliyemtesa mama yangu miaka yote waliyoishi boma moja, mwanamke aliyefungia sukari kwenye sanduku na kuvaa ufunguo shingoni. Mdogo wangu alikuja miaka mitatu baadaye akakuta jina tamu linamngoja, la nyanya aliyemlea mama kwa upole. Tangu siku hiyo mama akawa anamwita mdogo wangu "maitu", yaani mama yangu. Mimi akaniita "mama mkwe".

Ulikuwa utani, na mimi utani naujua. Lakini jaribu kuitwa mama mkwe na mama yako mwenyewe kwa miaka zaidi ya arobaini, halafu uniambie kama hauchomi.

Niseme mapema kwamba nina wivu. Kanisani kwetu watu husimama na kushuhudia kwamba waliwahi kuwa walevi, wengine wezi, na tunapiga makofi. Sijawahi kusikia mtu akisimama kusema anamwonea wivu mdogo wake. Mimi ninao, na sikuuanza juzi.

Mama anaishi nami Makongeni, hapa Thika, tangu baba afariki. Amepita miaka sabini na mitano na ana ugonjwa wa sukari. Kazi yangu ni kufuma sweta za shule. Nina mashine mbili katika chumba cha mbele, na mama hukaa mlangoni penye jua, akimenya minji, yaani njegere, na kuwasalimu wapita njia. Mimi ndiye ninayempima sukari asubuhi. Mimi ndiye ninayemwosha miguu na kukagua vidole kimoja kimoja nisije nikakosa kidonda. Mdogo wangu ni muuguzi katika kliniki moja Ruiru. Ruiru si mbali, ukibahatika barabarani ni nusu saa, lakini alikuwa akija mara moja kwa mwezi, na kila alipokuja nilichinja kuku. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kweli nilipona, nilikula shingo na mabawa. Firigisi ilienda kwa maitu.

Kila mwaka, mwezi wa nne au wa tano, alikuja na kijisanduku cha bluu chenye barafu, na ndani yake chanjo ya homa. Si homa ya malaria ninayosema, ni ile ya mafua makali inayolaza mtu na kumvunja mifupa, ambayo madaktari huiita influenza. Siku hiyo mama alifunga kitambaa chake cha kanisani, akakunja mkono wa blauzi na kutazama pembeni kwa heshima kubwa, utadhani anapigwa picha. Kufikia saa kumi ploti nzima ya wapangaji ilijua kwamba maitu ametoka Ruiru na kumdunga sindano ya kuzuia homa. Nani aliyemwogesha mkono huo asubuhi, hilo halikutangazwa.

Mwaka mmoja mama aliuliza kwa nini hii sindano haiishi. Alidungwa ya ndui akiwa msichana, mara moja tu, na kovu lake analo hadi leo. Hii ya homa mbona kila mwaka? Mdogo wangu aliangaza macho chumbani, akaliendea rundo langu la sweta, akachomoa moja bila kuniomba.

Alieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema mwili una walinzi, kama yule bawabu wa geti la shule. Bawabu hawajui watoto wote kwa sura, anajua sweta. Kirusi cha homa nacho kina vazi lake la nje, na madaktari hulisoma kwa herufi mbili, H na N, na namba zake. Hizo ni za ukoo wa A, kuna na ukoo wa B, na kila ukoo una aina zake. Chanjo ni kumwonyesha bawabu vipande vya sweta, mtoto mwenyewe hayumo, na ndiyo sababu sindano haiwezi kukupa ile homa. Mkono utauma kidogo na basi. Bawabu huchukua kama wiki mbili kulikariri vazi. Taabu ni kwamba kirusi hubadilisha vazi lake kidogo kidogo. Mwaka huu shingo ina mstari wa manjano, mwaka ujao mstari umekuwa mwingine, na bawabu anatazama, anasitasita, anafungua geti. Halafu miezi ikipita bawabu mwenyewe husahau, na wa mtu mzee husahau upesi zaidi.

Mama alikuwa akimtazama kama anayesikiliza mahubiri. Mimi nilikuwa kwenye mashine, nimeshika uzi, nina hasira. Sweta ilikuwa yangu. Mstari ule wa manjano niliufuma mimi. Mtu anatoka Ruiru, anakuja kuokota mfano nyumbani mwangu, na ndiye anaitwa mwenye akili.

Nikauliza, ili nami nionekane nipo, hao wanaotengeneza chanjo wanajuaje kirusi kitavaa nini mwaka ujao. Akasema hawajui kwa hakika. Wataalamu hukusanya sampuli za wagonjwa kutoka pande zote za dunia, huangalia ni mavazi gani yanaelekea kuenea, huchagua aina za kuweka kwenye chanjo, kisha viwanda huchukua miezi mingi kuitengeneza. Kuna mwaka wanapatia sawasawa na kuna mwaka wanapatia nusu. Hata hiyo nusu, alisema, mara nyingi humfanya mtu augulie nyumbani badala ya hospitali.

Nilimwelewa kuliko alivyojua. Sweta za Januari mimi huzianza Agosti, wakati hakuna shule inayojua itapata watoto wangapi. Kuna mwaka shule moja ilibadilisha mstari wa shingo kutoka manjano hadi nyeupe bila kuniarifu, na rundo zima likanibakia kabatini. Ni sweta nzuri, zina joto, hazina kasoro yoyote, ila bawabu wa shule ile hamruhusu mtoto kuingia nayo. Basi nikasema, kwa hivyo nao wanafuma kabla ya kujua. Mdogo wangu akacheka na kusema ni hivyo kabisa. Jumapili iliyofuata nilimsikia mama nje ya kanisa akiwaeleza wenzake kwamba chanjo ni kama sweta, hufumwa kabla ya kujua, na kwamba maitu ndiye aliyemfafanulia.

Sasa nifike mwaka ule, ambao ni mwaka juzi. Mdogo wangu alipiga simu kusema hatakuja. Kliniki ilikuwa imemkabidhi kazi ya chanjo na hakuwa na nafasi hata wikendi. Akasema chanjo mpya imeshafika kwao, nimpeleke mama Ruiru Jumamosi. Kama Ruiru ni mbali kwa miguu ya mama, nitafute kliniki yoyote ya hapa Thika, bora niulize kama ni ya mwaka huu.

Sikutaka kusikia la Ruiru. Kwa mara ya kwanza sindano hiyo ingekuwa yangu. Nilimvalisha mama kitambaa cha kanisani, nikamshika mkono, tukaenda kliniki moja mjini siku ya Jumanne. Tulikaa kwenye benchi hadi karibu saa sita. Muuguzi wa pale alifungua friji, akatoa boksi moja, akasoma tarehe na kulirudisha. Alisema ile ilikuwa ya msimu uliopita na muda wake umekwisha, hawezi kumdunga mtu nayo. Ya mwaka huu wanaitarajia wiki mbili zijazo. Kama tuna haraka, akasema, amesikia kule Ruiru imefika.

Hata yeye, mtu asiyetujua, alinielekeza Ruiru.

Tulirudi nyumbani pole pole. Nilimnunulia mama ndizi, akala nusu na kunirudishia nusu. Saa tisa nikiwa kwenye mashine, mama yuko mlangoni na minji yake, simu ikalia. Mdogo wangu aliuliza swali moja tu.

"Amedungwa?"

"Amedungwa," nikasema.

"Poa sana. Aki asante, dada. Umenitua mzigo."

Ningeweza kusema nimedanganya kwa sababu ya haraka, au uzi ulikuwa umekatika. Haikuwa hivyo. Nilidanganya kwa sababu ile asante ilikuwa tamu, na kwa sababu nilijua nikisema ukweli ataniambia basi mlete Ruiru, na mama atadungwa na maitu, na ploti nzima itaambiwa. Mama hakuinua kichwa kutoka kwenye minji. Sikio lake la kushoto limelegea, na ndilo lililokuwa upande wangu. Nikajiambia hakusikia.

Nilipanga kumrudisha baada ya zile wiki mbili. Naapa nilipanga. Lakini muhula wa pili ulikuwa umeanza na baridi imeshuka, na oda zikafuatana. Kila nilipokumbuka, nilijituliza kwamba mama alidungwa mwaka uliopita na ile sindano bado imo mwilini. Sweta ya zamani si bado inatia joto? Mimi, mwenye kabati lililojaa sweta za mstari wa manjano zisizoingia getini, ndiye niliyejiambia maneno hayo. Mtu mwingine yeyote angekosea hivyo ningemsamehe. Mimi nilikuwa na ushahidi kabatini.

Mwezi wa saba nilienda kupima watoto wa shule moja ya msingi, darasa zima, mmoja mmoja, mabega na vifua. Nusu yao walikuwa wanakohoa na kupiga chafya, kamasi hadi mdomoni. Siku mbili baadaye nikaanza kusikia baridi na mwili kuuma. Nilikunywa maji ya ndimu na tangawizi, nikaendelea kufanya kazi na kumpikia mama kama kawaida. Sikujitenga wala kufunika mdomo. Kwa akili yangu ilikuwa homa tu, ya kupita. Kwangu ilipita. Siku ya nne mama akashindwa kuinuka kitandani, sukari ikapanda, na pumzi yake ikawa fupi na yenye sauti.

Hospitalini walimwekea oksijeni na kumchukua sampuli puani. Majibu yakasema influenza, ukoo wa A. Wakamwanzishia dawa.

Mdogo wangu alifika kutoka Ruiru akiwa na sare yake ya kazi. Daktari, ambaye asubuhi yote alinijibu huku akitembea, alisimama akamweleza yeye kila kitu kwa lugha yao. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kitanda nimeshika chupa ya uji. Hata hapo, Mungu wangu, mama hawezi kuvuta pumzi, mimi nilikuwa nahesabu nani anatazamwa.

Daktari akauliza kama mgonjwa alipata chanjo ya homa mwaka huu. Mdogo wangu akajibu ndiyo, dada yangu alimpeleka. Akanigeukia kwa huruma na kuniambia nisijilaumu, chanjo haizuii kila kitu, kuna mwaka aina iliyochaguliwa hailingani vizuri na inayozunguka. Alikuwa ananifariji. Kisha akaomba kadi ya chanjo, ili daktari aandike ilikuwa tarehe ngapi.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imefika ukutani, kando ya kitanda namba nne. Nilisema kadi imebaki nyumbani. Mdogo wangu akanitazama kidogo zaidi ya kawaida, kisha akamwinamia mama na kumuuliza taratibu kama anakumbuka ilikuwa lini.

Mama aliinua mkono, akaisogeza barakoa ya oksijeni na kuiweka kidevuni.

"Nilidungwa," akasema. Akavuta pumzi. "Mama mkwe alinipeleka."

Muuguzi wa wodi alimrudishia barakoa haraka. Lakini macho ya mama hayakuwa kwa muuguzi wala kwa maitu, yalikuwa kwangu, na hapo nikajua kila kitu. Alikuwa pale kwenye benchi. Alimsikia muuguzi wa friji. Alinisikia nikisema amedungwa. Alijua tangu siku ile, akanyamaza miezi yote, na sasa ameivua pumzi yake mwenyewe mdomoni ili kunifichia uongo.

Nilimvuta mdogo wangu hadi nje, kwenye uwanja ambapo wanaanika shuka. Nikamwambia hakudungwa. Nikamwambia habari ya boksi lililokwisha muda, na Ruiru, na simu. Sikupamba. Nilimwambia pia kwa nini, na hilo lilikuwa gumu kuliko lingine lote.

Akaisogeza shuka iliyokuwa kati yetu.

"Ungemuua," akasema.

"Najua."

Nilingoja aendelee. Nilistahili matusi, na nilikuwa nimejiandaa kuyapokea. Badala yake akakaa kwenye ukingo wa saruji na kuanza kulia, na kilichomliza hakikuwa nilichodhani.

"Unakumbuka nilipovunja kioo cha taa? Nilimpigia mama magoti asimwambie baba. Alimwambia hata kabla baba hajavua viatu." Akajifuta pua kwa mkono wa sare. "Mimi hajawahi nidanganyia mtu. Hata siku moja."

Niliijua sauti ile. Ni yangu. Nimekuwa nikiisikia kichwani tangu nikiwa mtoto, ila sikujua kwamba na yeye anayo.

Na sasa niseme lililo baya kabisa. Nilifurahi. Mama yangu alikuwa anapigania pumzi nyuma ya ukuta, kwa kosa langu, na mdogo wangu analia mbele yangu, na mimi nikasikia furaha ikinipanda kama mtu aliyetajiwa jina lake kwenye orodha. Haikukaa sana. Ilikaa vya kutosha kwangu kuijua.

Mdogo wangu alirudi ndani na kumwambia daktari ukweli. Mama alilazwa siku kumi na moja. Alirudi nyumbani mzima, lakini si yule aliyetoka. Zamani alitoka mlangoni hadi kwenye geti la ploti akiimba. Siku hizi husimama mara mbili njiani, mkono ukutani, na anayemsalimu hungoja jibu.

Jioni moja nikimwosha miguu, nilimuuliza kwa nini hakusema. Alikuwa na haki ya kusema siku ileile ya simu.

"Nilijua umetaka hiyo iwe yako," akasema. "Nikaona wiki mbili si nyingi."

Nikaendelea kuosha.

Mwaka uliofuata sikungoja kupigiwa simu. Nilimpeleka mama Ruiru mwenyewe. Tulipoingia, mdogo wangu akavuta kiti na kumwambia mama akunje mkono. Mama akakataa. Alisema mimi nidungwe kwanza, kwa kuwa mimi ndiye ninayeshika watoto wa shule na kumletea homa nyumbani. Ilikuwa kweli, na muuguzi mzima hakuwa ameliwaza. Mdogo wangu alinidunga bila kuniangalia usoni, kisha akaishikilia pamba mkononi mwangu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nami sikuondoa mkono.

Kisha akaijaza kadi ya mama. Ina mstari kwa kila mwaka, tarehe na sahihi yake, zote za mwandiko mmoja wa maitu. Katikati pana mstari mmoja mtupu.

Wivu haujaisha. Firigisi bado inaenda Ruiru. Lakini mwezi uliopita wanawake wa kanisa walikuja kumwona mama, na mmoja akaichukua ile kadi mezani na kuuliza huu mwaka ulioachwa wazi ilikuwaje. Nilikuwa kwenye mashine. Nikaachilia uzi.

Mama hakusita hata kidogo. Akasema mwaka huo maitu alikuwa na kazi nyingi, ni mama mkwe aliyempeleka kliniki hapahapa Thika, akamshika mkono njia nzima, akamnunulia ndizi. Sindano yenyewe, akasema, haikuuma kabisa. Wakanigeukia, wakanisifu. Katika mambo yote niliyomfanyia mama yangu, hilo ndilo analojivunia mbele za watu, sindano ambayo hakudungwa.

Na mimi nikawaambia wageni asante.